Kaimu Tumbusi

Ilikuwapo nchi moja, na kwa kuwa wenyewe wako hai na masikio wanayo, jina lake tutalimeza. Ilikuwa nchi njema. Ilikuwa na mito, milima, bendera yenye rangi nyingi kuliko za jirani zake wote, na serikali iliyoamka mapema. Kitu kimoja tu ilikikosa: mtu aliyethibitishwa kazini.

Kila mwenye cheo alikuwa kaimu. Mkuu wa nchi alikwenda ng'ambo kung'oa jino, zamani hizo, na habari zilizofika ni kwamba jino bado linashughulikiwa. Basi Makamu akawa Kaimu Mkuu, Waziri Mkuu akawa Kaimu Makamu, na ngazi ikashuka hivyo hivyo hadi kwa mfagiaji wa ikulu, ambaye alikaimu utunzaji wa bustani, kwa sababu mtunza bustani mwenyewe alikuwa akikaimu Ujaji Mkuu. Hakuna aliyelalamika. Mtunza bustani alikuwa mtu wa haki, na hukumu zake zilikuwa fupi kwa sababu alitaka kurudi kumwagilia.

Sheria yao kubwa, iliyochongwa juu ya mlango wa kila ofisi, ilisema: Kiti hakilali kitupu. Mtu akifa, akistaafu, au akienda msalani akachelewa, aliye karibu anakikalia. Siku daktari wa upasuaji alipopata mafua, dereva wake alikaimu, na mgonjwa akapona kwa kukimbia. Wageni walishangaa, lakini wenyeji walikwisha kuzoea, na mazoea yana taabu kuyaona ukiwa ndani yake.

Katika nchi hiyo aliishi Kondo Mbwera, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Ndege na Virukavyo Vinginevyo. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye shingo ndefu na nywele zilizoanza kumkimbia mapema. Kabla ya ndege alikuwa Kaimu Afisa Uvuvi wa wilaya ya Kavuni, ambako maji ya kunywa yalifika kwa lori. Alikaa huko akiandika kwamba samaki hawajaonekana, na makao makuu yakimjibu aongeze juhudi. Mpaka leo, ukitaja Kavuni mbele yake, midomo inamkauka.

Jioni, ofisi zikifungwa, Kondo alikwenda kwa Bi Tabu. Bi Tabu aliuza supu ya makongoro karibu na machinjio ya mji mkuu, na sifa za supu hiyo zilifika hadi mtaa wa mabalozi. Ila Kondo hakuja saa za wateja. Alikuja wamekwisha kuondoka, sufuria limebaki na mishipa, mifupa na gegedu ambazo mwenye haraka haziwezi. Aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango wa uani, akavunja mifupa, akanyonya uroto, akakwangua chini mpaka sufuria likang'aa. Watu walimcheka. Yeye alisema utamu wa supu umelala chini, na wala hakujali, kwa sababu aliyekuwa akimwekea bakuli ni Chausiku.

Chausiku alikuwa binti wa Bi Tabu na mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Kwa bahati mbaya ya kiofisi, ambayo Wizara ilikuwa bado inaichunguza, alikuwa kweli amesomea biolojia. Walipendana yeye na Kondo, tena si siri. Hata wachinjaji walijua. Kondo akamtuma mshenga.

Mshenga alirudi amebeba maneno haya: "Mwambie aliyekutuma, kijana ana adabu na nampenda. Lakini binti yangu simwozi kaimu. Leo kaimu mkurugenzi, kesho kaimu mume, kesho kutwa akitokea mwenyewe, mimi nitamwambia nini? Aje amethibitishwa."

Kondo aliposikia alikaa chini palepale, barabarani. Kuthibitishwa! Katika nchi ile lilikuwa neno la kwenye kamusi tu.

*

Nyuma ya machinjio palikuwa na bonde, na bondeni machinjio yalitupa ng'ombe waliokufa kwa maradhi kabla ya kufikiwa na kisu. Mji haukujua lolote juu ya bonde hilo, wala haukunusa kitu, kwa sababu ya tumbusi. Tumbusi ni yule ndege mkubwa wa kipara alaye mizoga, ambaye wengine humwita tai. Walishuka asubuhi, wakala, na adhuhuri hapakuwa na la kuzungumza ila mifupa mieupe. Wakishashiba walikwenda kupumzika juu ya paa la Wizara ya Afya. Hawakuwa na nia mbaya. Bati la paa lile lilipata moto mapema kuliko mapaa mengine, na hewa ya joto iliwainua juu bila wao kupiga hata ubawa mmoja.

Sasa ukaja ujumbe wa nchi rafiki, na mkuu wa ujumbe akapiga picha. Picha ilitoka magazetini kwao: jengo la Wizara, bendera ikipepea, na tumbusi wamejipanga juu ya neno AFYA, kila mmoja akitazama chini kama anayesubiri kuitwa ndani.

Mheshimiwa Ngwamba Pazi, Kaimu Waziri wa Viumbe, Utalii na Sura ya Taifa, hakula siku hiyo. Kwa asili Mheshimiwa alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, mtu mnene mwenye mapafu ya kuaminika, na aliendelea kuamini kwamba hakuna tatizo la nchi lisilotatulika kwa bendi. Akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imewatazama ndege hawa kwa jicho la uchambuzi. Hawana manyoya kichwani. Hawaimbi. Hawajawahi kuhudhuria maadhimisho. Wanakula marehemu. Nauliza, hii ndiyo sura yetu? Kuanzia kesho, tumbusi wote wameachishwa kazi kwa manufaa ya umma."

Kesho yake alfajiri bendi ya polisi iliteremka bondeni na ngoma zote, matoazi na matarumbeta, Mheshimiwa mwenyewe akiongoza kwa machozi ya furaha. Ikarudi kila asubuhi. Tumbusi, ambao ni watu wa utulivu, walivumilia wimbo wa taifa, wakavumilia wimbo wa mwenge wa jirani, lakini Mheshimiwa alipoanza kupiga tarumbeta peke yake walipanda juu ya hewa ya joto, wakazunguka kidogo kuaga, wakavuka mpaka.

Taifa lilishangilia. Halafu karani mmoja akainua macho, akasoma maneno yaliyochongwa juu ya mlango, na baridi ikampita. Kiti cha tumbusi kimelala kitupu.

*

"Ndugu Mkurugenzi," Mheshimiwa Pazi alimwambia Kondo, "nani amekaimu utumbusi?"

"Bado hajateuliwa mtu, Mheshimiwa."

"Aibu. Sikukuu ya Taifa iko mlangoni, na ule ujumbe unarudi. Nataka waje wakute kaimu amekaa na bonde ni safi. Tafuta ndege mwenye sura." Akatazama dirishani kama mtu anayejipima. "Ukiliweza hili, Kondo, nitakuthibitisha. Mbele ya watu, kwa kinywa changu."

Moyo wa Kondo uliruka. Alimwona Chausiku katika leso mpya, akamwona Bi Tabu akipiga vigelegele. "Na nisipoliweza, Mheshimiwa?"

"Kavuni wanakuulizia. Samaki bado hawajaonekana."

Jioni ile Kondo alifika benchini na kusimulia yote. Chausiku alimwekea mfupa mkubwa wa goti, akaketi mbele yake.

"Mnatafuta ndege wa kukaa pale," alisema. "Tumbusi si kukaa pale. Tazama hapa kwa mama. Alfajiri wanakuja wapagazi, wanataka mchuzi wa moto na pilipili, wanaondoka. Mchana wanakuja makarani, wanataka nyama laini. Sufuria ni moja, na hujawaona wakigombana hata siku moja, kwa sababu kila mmoja ana saa yake na kipande chake. Viumbe nao hivyo hivyo. Anakula nini, wapi, saa ngapi, anavumilia nini ambacho mwenzake hakivumilii, anamkimbia nani, na nani ananufaika kwa yeye kuwapo hata kama hamshukuru. Yaweke yote pamoja, ndiyo nishi yake."

"Nishi," alisema Kondo, mfupa mdomoni.

"Tumbusi ana kipara ili aingize kichwa ndani ya mzoga kisigande damu. Tumboni ana asidi ya kuua hata kimeta. Maradhi yakiingia kwa tumbusi yamefika mwisho wa safari, hayatoki tena. Na wenyewe wamegawana: mkubwa anachana ngozi, wa kati wanavuta matumbo, wadogo wanadonoa yaliyobaki kwenye mifupa. Sasa wewe unataka kumpa nani barua ya kazi hiyo?"

"Ndicho ninachokuuliza. Nimpe nani?"

"Tumbusi."

"Mbali na tumbusi."

"Hakuna."

"Chausiku," alisema Kondo kwa huzuni, "serikalini hakuna neno hakuna."

*

Wa kwanza kuteuliwa alikuwa tausi. Alikuwa na sura. Hilo hata maadui zake walikiri. Kaimu Jaji Mkuu alikuja na jembe lake akamwapisha, Mheshimiwa akamvisha utepe, na msafara ukamshusha bondeni hadi kwenye ng'ombe wa asubuhi. Tausi akatazama ng'ombe. Akafungua mkia wote, wapiga picha wakapiga, akalia kwa sauti mbaya ajabu, kisha akatembea zake kwa hatua za heshima hadi kwenye shamba la mahindi la jirani. Taarifa ya serikali ilisema kaimu ameripoti kituoni na sasa anafanya ziara ya kujitambulisha. Ziara hiyo inaendelea.

Wa pili alikuwa kasuku, naye alileta matumaini makubwa, maana ndiye mteule wa kwanza katika historia ya taifa aliyekula kiapo bila kukosea neno. Alipelekwa bondeni, akakaa juu ya pembe ya ng'ombe. Kila mkaguzi aliyesimama ukingoni akiuliza, "Hali ikoje huko?" kasuku alijibu, "Hali ni shwari." Wakaguzi waliandika shwari. Ng'ombe aliongezeka wa pili, wa tatu, na wa nne, harufu ikapanda ukingo, na chini yake sauti ile njema ikiendelea kusema hali ni shwari. Mheshimiwa alifikiria kumwingiza katika baraza la mawaziri.

Lakini kiti cha tumbusi hakikuwa kitupu kama makaratasi yalivyodhani. Walikuja wengine wasio na barua. Mbwa wa mitaani walikuja, wakala, wakanenepa, wakazaa, na kwa kuwa wao maradhi hayaishii tumboni mwao, waliyabeba wakaenda kuwagawia watu kwa meno. Tarishi wa posta akaumwa makalio mara ya kwanza, na mara ya pili akaomba kukaimu ndani. Panya nao wakaja. Inzi walikuja kama mawingu ya masika, wakaingia misikitini, makanisani na ndani ya vinywa vya watoa hotuba.

Serikali haikulala. Ilitangaza kwamba ile ni harufu ya maendeleo. Harufu ilipozidi maendeleo, ilitangaza kwamba wananchi wenye uzalendo wapumue kwa mdomo. Bi Tabu, ambaye hakuna aliyewahi kumtisha, aliandamana peke yake hadi Wizarani na mwiko mkononi.

"Wateja wangu wamekimbia," alimwambia Mheshimiwa. "Mtu akishika bakuli, inzi wanatangulia. Warudishe ndege wenu."

"Mama, pale bondeni yupo kaimu."

"Kaimu ni kaimu tu," alisema Bi Tabu. "Kila ndege huruka kwa ubawa wake." Akaondoka, na alipita mbele ya meza ya Kondo bila kumtazama. Jambo hilo lilimuuma Kondo kuliko harufu.

Siku ile ile panya waliingia masijala na kuanza kula mafaili. Mheshimiwa akashtuka kwa mara ya kwanza. Akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa kidole: pasipopatikana kaimu afaaye, aliye karibu na kiti atakikalia. Akainua macho. Aliyekuwa karibu na ndege kuliko mtu yeyote katika taifa zima alikuwa amesimama mbele yake, shingo ndefu, kipara kinaanza.

"Kondo," alisema Mheshimiwa kwa upole, "hata nywele umekwisha kuzitanguliza."

*

Hivyo ndivyo Kondo Mbwera alivyokuwa Kaimu Tumbusi. Walimshonea kola ya manyoya meupe. Walimpa kiti cha kukunja, mwavuli, na zamu kutoka mapambazuko hadi giza. Hakulazimishwa kula mzoga mara moja. Kanuni zilimpa muda wa kuzoea, hadi Sikukuu ya Taifa, ambapo angetakiwa kuonja mbele ya wageni, kidogo tu, kwa heshima ya kiti.

Alikaa pale bondeni akipunga inzi. Mbwa walimkubali upesi. Kila asubuhi bendi ilikuja kupiga, kwa kuwa amri ya kufukuza tumbusi haikufutwa, na Kaimu Tumbusi alisikiliza hadi mwisho akapiga makofi. Kwa Bi Tabu hakuenda tena. Angeingiaje nyumbani kwa watu na harufu ile, amevaa kola ile? Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mpole ni nzito. Aliwaza kwamba Kavuni, kwa kweli, palikuwa na hewa safi.

Chausiku alimfuata siku ya tatu, kitambaa puani.

"Umeacha kuja," alisema.

"Ninanuka."

"Sote tunanuka, mji mzima. Mama anauliza kama umekufa."

"Mwambie bado kidogo. Sikukuu ni kesho kutwa."

Chausiku alimtazama mchumba wake chini ya mwavuli wa serikali, akacheka mpaka kitambaa kikaanguka, kisha akaona macho yake yamejaa maji, akaacha. Akaketi juu ya jiwe. Bendi ilikuwa imemaliza na inapanda kilima.

"Unajua wako wapi?" alisema akielekeza kidole mashariki. "Nyuma ya mlima ule tu. Wanazunguka juu kabisa. Tumbusi hamtafuti mzoga peke yake, anamchunga mwenzake. Mmoja akiona akashuka, wa mbali anamwona huyu akishuka, anakuja. Na wa mbali zaidi anamwona huyo. Habari inafika nchi jirani bila barua. Wala huhitaji kuwaita. Nyamazisha tarumbeta asubuhi moja tu, uwaondoe hawa mbwa, utawaona."

"Waziri hawezi. Alikwisha kutangaza mbele ya magazeti kwamba wameachishwa. Serikali hairudi nyuma."

"Basi."

"Ngoja," alisema Kondo. Alikuwa amesimama. Chausiku alijua ndege, lakini Kondo alijua serikali, na hapo ndipo kila mmoja alipokuwa na kipande chake. "Umesema wako nchi jirani?"

"Ndiyo."

"Yaani wanatoka nje."

*

"Wataalamu wa kigeni?" alisema Mheshimiwa Pazi, na macho yakamng'aa.

"Naam, Mheshimiwa. Wa mizoga. Wana uzoefu wa miaka mingi, wamefanya kazi nchi mbalimbali. Nimewasiliana nao kwa njia zao. Wako tayari kukaimu."

"Wana sura?"

"Sura ya kitaalamu, Mheshimiwa. Kipara cha kusoma."

Mheshimiwa alitembea chumbani. Katika nchi ile hapakuwa na kitu kilichopendwa kama mtaalamu kutoka nje. Mwenyeji akisema mvua inanyesha walimtaka athibitishe. Mgeni akisema, walifungua miavuli. "Watahitaji nini?"

"Nyama ipo. Mbwa wafungiwe. Na utulivu, Mheshimiwa. Kwao hakuna bendi."

Mheshimiwa alitazama tarumbeta yake iliyotundikwa ukutani, chini ya picha ya Mkuu wa nchi akiwa amefunga shavu kwa kitambaa. Lilikuwa jambo zito kumwomba mtu. Tunasema kwa haki kwamba alijitoa mhanga kwa ajili ya taifa, maana alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akasema, "Bendi ipewe likizo."

Siku ya Sikukuu jukwaa liliwekwa ukingoni mwa bonde. Ujumbe wa nchi rafiki ulikaa mbele na vitambaa puani, wenyeji nyuma wakipumua kizalendo. Mbwa walifungiwa uwanja wa mpira, ambako walizaa. Kondo alisimama chini kando ya ng'ombe, amevaa kola, na juu ya meza ndogo kulikuwa na kisu, uma na sahani, ikiwa wataalamu wangechelewa. Alitazama sahani. Alitazama mbingu. Mbingu ilikuwa tupu.

Hotuba ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Jua likapanda na mabati ya mji yakaanza kuwaka. Mheshimiwa alitazama saa, akamwashiria Kondo kwa kidole: shika uma. Kondo akashika uma. Akafumba macho, akamkumbuka Bi Tabu akipita mbele ya meza yake.

Kivuli kikampita usoni.

Akafumbua macho. Juu kabisa palikuwa na doa moja. Doa likakunja mabawa, likashuka. Nyuma yake madoa mawili, kisha upande wa mashariki wote ukawa na madoa, yakija moja nyuma ya jingine juu ya mlima. Wa kwanza alitua kwa kishindo, mkubwa, shingo tupu, akamtazama Kondo na kola yake kwa muda mrefu kama anayetaka kuuliza jambo, kisha akaamua kutouliza. Akachana ngozi. Wa kati wakaingia. Wadogo wakasubiri zamu yao pembeni. Kondo alirudi nyuma na uma wake, akicheka peke yake kama mwendawazimu.

"Tazameni nidhamu," alisema Mheshimiwa kwenye kipaza sauti. "Tazameni mgawanyo wa majukumu. Hawa, ndugu wananchi, wamesoma. Tulikuwa na tumbusi wetu hapa, sitaki kusema mengi, mliwaona. Tofauti si mnaiona? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Watu wakapiga makofi. Baadhi ya wachinjaji, waliowafahamu ndege wale mmoja mmoja, walitazamana, wakapiga makofi zaidi. Kabla ya adhuhuri palibaki mifupa mieupe. Mmoja wa wataalamu, mwenye unyoya uliovunjika bawa la kushoto, akaruka, akaenda moja kwa moja kutua juu ya Wizara ya Afya, mahali pake pa siku zote, juu ya herufi ya mwisho. Kondo alihisi moyo unasimama. Mheshimiwa alimtazama ndege yule. Ujumbe ulimtazama.

"Anakagua paa," alisema Mheshimiwa kwa fahari. "Hatujamwomba hata. Ameona mwenyewe."

*

Ahadi ni deni, na Mheshimiwa Pazi hakuwa mtu wa kuvunja ahadi mbele ya wageni. Alimwita Kondo jukwaani.

"Kijana huyu niliahidi nitamthibitisha. Sasa sheria inanibana. Ukurugenzi siwezi kumthibitishia, kwa kuwa mkurugenzi mwenyewe bado hajarudi kutoka semina. Lakini alipokuwa Kaimu Tumbusi alifanya kazi kwa uadilifu, na wataalamu hawa wa nje ni makaimu tu, hawawezi kushika cheo kamili katika ardhi yetu. Kiti hakilali kitupu. Kwa mamlaka niliyokaimishwa, namthibitisha Ndugu Kondo Mbwera katika cheo cha Tumbusi wa Taifa. Ni mtu wa kwanza kuthibitishwa tangu nchi hii iwe nchi."

Bendi, ambayo likizo yake ilikuwa imekwisha dakika ile, ikapiga. Tumbusi wakasogea nyuma ya mlima kidogo, wakasubiri bendi imalize.

Jioni Kondo alioga mara nyingi, akaenda kwa Bi Tabu. Hakujua atasema nini. Alikuwa amethibitishwa, ndiyo. Lakini mtu anaingiaje kwa mkwe na kusema, mama, mimi ni tumbusi? Alizunguka nyuma, akapitia mlango wa uani kama siku zote, na hapo akasimama. Kando ya benchi lake palikuwa na rundo la mifupa, mishipa na gegedu, limefika magotini, na inzi wake, na paka wawili waliokuwa wakibishana juu yake bila kulimaliza.

Bi Tabu alikuwa amesimama mlangoni, mwiko kiunoni.

"Umeliona?" alisema. "Tangu uache kuja. Wapagazi hawaigusi, makarani hawaigusi. Nimeita paka, paka hawawezi. Nikaita mtoto wa jirani akaimu benchi lako, akaumia jino. Miaka yote hii nilikuwa sijui kama huku nyuma kuna kitu cha kuoza."

"Mama," alisema Kondo, "wamenithibitisha."

"Nimesikia redioni."

"Kuwa tumbusi."

Bi Tabu alijitahidi. Alibana midomo, akatazama ukutani, akafuta jicho kwa ncha ya kanga, kisha kicheko kikamshinda, akaketi kwenye benchi la Kondo akicheka hadi Chausiku akatoka ndani mbio na bakuli mkononi.

"Nilisema aje amethibitishwa," Bi Tabu alisema alipopata pumzi. "Sikusema athibitishwe kuwa nini. Na mimi ningekuthibitisha zamani, baba, ila nilikuwa naliangalia jina la cheo tu, silioni sufuria langu linavyong'aa. Mtume mshenga wako kesho. Leo kaa."

Akampisha kwenye benchi. Chausiku akaweka bakuli mbele yake, mfupa wa goti, uroto umejaa. Kondo alikuwa na furaha ambayo hakuwa na pa kuiweka, akaanza kula.